Jalada Jekundu

Ukiingia Azruna kwa lango la kaskazini, nyumba ya kwanza ilinuka ngozi, ya pili ikanuka ngozi zaidi, na ya tatu, yenye kizingiti kilicholika katikati, ndiyo ilikuwa ya Migini mshona viatu. Mkewe aliitwa Birikta, ila mtaa mzima ulimwita Mama Saname, na waliendelea kumwita hivyo hata baada ya Saname kuzikwa. Mwanzoni jina hilo lilimchoma. Baadaye akaona ndilo pekee alilobakiwa nalo la mtoto, akawa anaitika.

Siku za kazi Migini alikuwa fundi wa viatu, siku ya Bwana alikuwa msomaji wa kanisa. Na katika nchi ile vitabu vya kanisa havikulala kanisani. Kila msomaji alilala na vyake nyumbani, kama mchungaji anavyolala na mbuzi wake, kwa sababu kanisa huvunjwa lakini nyumba za watu ni nyingi. Kwa Migini vililala viwili. Kimoja kilikuwa Injili zote nne, kimevikwa jalada jekundu lenye vifungo vya shaba. Cha pili kiliitwa Kitabu cha Taa, nacho kilivaa ngozi ya mbuzi iliyochakaa, kona moja bado ina manyoya. Vyote viwili viliandikwa na mkono wa mzee mmoja aliyekwisha kufa, kwa kurasa za ngozi za kipimo kimoja. Ukivivua majalada, asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kujua kipi ni kipi. Na Birikta hakujua kusoma.

Nani aliandika Kitabu cha Taa, hakuna aliyejua. Kilisimulia ndoto ya mtu aliyeiona nyumba ya Mfalme, na ndani yake watoto waliokufa wangali wadogo, kila jioni wanawasha taa, kila mtoto taa ya mama yake aliyebaki duniani. Saname alipochukuliwa na homa, Birikta alikataa kula. Alisomewa Injili, akasikia, hakuinuka. Migini akamsomea ya taa. Akaomba arudie. Akaomba tena. Kisha akauliza kama mkate upo. Tangu hapo, jua likizama, hata akiwa na unga mikononi, alikuwa anainua uso kidogo kutazama juu, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Basi, wafalme wa Roma wakatoa amri: makanisa ya Wakristo yabomolewe, vitabu vyao vikusanywe, vichomwe. Kanisa la Azruna lilibomolewa asubuhi moja na watu waliokuwa wakilijua vizuri, maana wengine waliwahi kulipaka chokaa. Siku hiyo hiyo askari wakamkuta Migini kibandani kwake sokoni, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, wakamchukua na aproni yake ya kazi.

Birikta alikimbia hadi kwa mkuu wa mji, Munati, mtu mnene asiyependa ghasia.

"Mama, mimi sina ugomvi na mumeo," Munati alisema, akanyoosha mguu. "Unaona viatu hivi? Kashona yeye. Tangu nivae vyake sijapata sugu. Lakini kaulizwa kitabu kiko wapi, kanyamaza kama jiwe. Kachapwa, kanyamaza. Sasa mimi nifanyeje?"

"Mwachie, baba. Ni mgonjwa wa kifua."

"Lete kitabu, chukua mume. Usipoleta, soko kuu likiisha anaondoka na wafungwa wa machimbo ya shaba."

Machimboni watu walikwenda. Kurudi, Birikta hakuwahi kusikia.

"Kitabu kipi, baba?"

"Nitajua mimi? Chenu chochote mnachosomea watu. Kiungue, watu waone, mimi nimemaliza kazi. Kama unacho cha nguo nzuri, lete hicho, kitapendeza motoni."

Karani wake akacheka. Birikta hakucheka.

Hapo sasa ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, nawe ulishike, maana yote yanayofuata yanatoka hapo. Mkristo aliyetoa Maandiko Matakatifu yachomwe aliitwa mtoa-vitabu, na mtoa-vitabu alitengwa. Hali mkate wa Bwana, hasalimiwi kisimani, akifa hazikwi na wenziwe. Na Saname alikuwa amezikwa pale pale wanapozikwa Wakristo. Mtoto wa bibi Gududa, mfinyanzi, alikuwa msomaji kama Migini. Yeye aliambiwa atoe, akakataa, akahukumiwa machimbo, na bibi Gududa akarudi kwenye gurudumu lake la vyungu bila machozi mbele za watu. Nani angesimama mbele ya mama yule aseme, mimi nilitoa?

Lakini je, vyote viwili vilikuwa Maandiko?

Akaenda kumuuliza mzee Rogato, mzee wa kanisa, aliyekuwa amejificha kwenye kinu cha zeituni cha binamu yake, katikati ya mitungi, ananuka mafuta hadi ndevuni.

"Mzee wangu," Birikta alisema, bado anahema, "nifunze leo jambo ambalo sikuwahi kuuliza. Kitabu kipi ni cha kufia, na kipi si cha kufia?"

Rogato akafuta mafuta ndevuni. "Umechagua siku ya kuuliza, Mama Saname."

"Siku imenichagua mimi."

Mzee akageuza mtungi mtupu, akamkalisha. "Sikiliza. Watu wanadhani vilishuka vyote siku moja, vimefungwa kwa kamba. Havikushuka hivyo. Mitume walihubiri kwa midomo. Mmoja akaandikia kanisa fulani barua, kanisa hilo likainakili, likampa jirani. Mwingine akaandika habari za Bwana, wazee waliowaona mitume kwa macho wakasema, naam, hivi ndivyo tulivyosikia. Kimoja kimoja, mkono kwa mkono. Vile vilivyosomwa kila mahali, huku kwetu na ng'ambo ya bahari, tukavishika. Kuna ambavyo bado tunabishana. Siwezi kukudanganya kwamba orodha imefungwa."

"Na cha Taa?"

"Nani kakiandika?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Babu yangu hakuwahi kukisikia. Mjini Kartago hawakisomi. Ng'ambo hawakijui. Kilikuja na mfanyabiashara wa sufu, tukakipenda, tukakisoma." Akashusha sauti. "Ni kizuri, mwanangu. Lakini uzuri si ushahidi. Hata uongo unaweza kuimba."

Birikta alihisi kama mtu kamvutia mtungi aliokalia. "Mzee, ndicho kilichoniinua mimi."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi kama si cha kweli, nani kaniinua?"

Nje punda wa kinu alikuwa anazunguka, anazunguka. "Kama lazima mkono wako utoe kitu," Rogato alisema, "mimi kama mzee wako nakwambia, cha Taa si Andiko. Ukikitoa hicho, nitakutetea mbele ya Gududa na mbele ya kila mtu. Lakini Injili, mwanangu, hapana. Hata kwa Migini."

Birikta alirudi nyumbani anatembea kama mlevi. Alikitoa kitabu chenye jalada jekundu, akakifunga kwa gunia, akakizika ndani ya samadi ya mbuzi nyuma ya nyumba, mahali ambapo askari mwenye viatu vizuri hachimbi. Kisha akakaa sakafuni na kile cha ngozi ya mbuzi mapajani. Alikibusu pale penye manyoya. "Nisamehe, mama," alisema, na hakujua anasema na kitabu au na mtoto.

Sokoni waliwasha moto wa matawi ya mzeituni. Munati alikipima kitabu mkononi, akakunja uso kwa ule uchakavu. "Ndicho hiki? Na watu wanakufa kwa ajili ya hiki?" Akakitupa. Ngozi haiungui kama karatasi. Hujikunja kwanza, hulia, hutoa harufu ya nyama. Birikta hakugeuza uso. Aliona kurasa zinajikunja moja moja, akaona taa za watoto zinazimika moja moja, na mahali fulani ndani ya moshi ule akaona ya Saname. Wanawake waliokuwa wakinunua dengu walisimama kutazama. Mmoja wao alikuwa Gududa. Alitema mate chini, akaendelea kuchagua dengu.

Migini aliletwa mlangoni na askari wawili, mgongo umefungwa vitambaa, midomo imepasuka. Birikta alimlaza kifudifudi, akampaka mafuta. Baada ya muda mrefu akasikia anacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumia mbavu.

"Mama Saname, wewe ni mwerevu kuliko mimi. Nilikuwa kule ndani najiambia, sijamwambia, sijamwambia, atafanyaje? Kumbe umejua mwenyewe."

"Nimejua nini?"

"Kuwapa chenye nguo nzuri. Niliposikia amri imefika mji wa Kirta, nilifumua majalada nikayabadilisha. Nikasema, wakija watakimbilia jekundu, kama nzi kwenye asali. Injili nikaivika ngozi ya mbuzi. Nilitaka kukwambia jioni ile, wakanichukua mchana." Akageuza shingo amwone. "Si ndiyo, umewapa jekundu?"

Mkono wa Birikta ulikuwa umesimama juu ya mgongo wake.

"Mama Saname. Umewapa jekundu?"

"Jekundu nimelificha," alisema. "Nimewapa la mbuzi."

Migini aliweka paji la uso kwenye mkeka. Hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Kila mmoja kwa upendo wake alikuwa ameificha Injili, na kwa kuficha mara mbili wameitia motoni wenyewe.

Habari ziliwafikia haraka kutoka kwa mzee Rogato, na zilikuwa habari njema, ndiyo maana ziliwaua. Wazee wamekaa, wamekubaliana: Kitabu cha Taa si Andiko. Mama Saname hakutoa Andiko. Hana hatia. Jumapili watakusanyika kwa siri kwenye uwanja wa tanuri la Gududa, na Migini aje na Injili awasomee, kwa kuwa vitabu vya wasomaji wengine wote vimechukuliwa, au vimefichwa pasipojulikana, na hicho ndicho pekee kilichosalia Azruna.

"Tutawaambia," Birikta alisema.

"Watakutenga."

"Ndiyo."

"Utakaa nje mpaka lini? Ukifa nitakuzika wapi, mama? Kando ya barabara na mbwa?" Migini alikaa kwa shida, macho yanawaka homa. "Sikiliza. Nimeisoma Injili ile tangu ndevu hazijaota. Naijua. Nitafungua hiki cha Taa mbele yao, macho nitayaweka kwenye kurasa, mdomo utasema Injili. Hakuna atakayejua. Nikipona nitakwenda mji mwingine kimyakimya ninakili."

"Na ukikosea?"

"Sikosei."

Birikta alijua ni uongo utakaosimamishwa mahali patakatifu. Lakini alimfikiria Saname amelala peke yake kule kwenye makaburi ya Wakristo. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia.

Jumapili uwanja wa tanuri ulijaa watu waliokaa kati ya vyungu vibichi, wamejifanya wanunuzi. Migini alisimama, akafungua jalada jekundu. Sauti yake ilikuwa dhaifu ikapata nguvu, na watu walipoisikia, wengi wao kwa mara ya kwanza tangu kanisa livunjwe, wakaanza kulia polepole. Midomo ya wanawake ilikuwa inatembea pamoja naye. Walikuwa hawajui herufi hata moja, lakini waliyasikia maneno yale mwaka baada ya mwaka, wakiwa wajawazito, wakiwa na njaa, na yalikuwa yamewaingia kama njia ya kisimani inavyoingia miguuni.

Alichagua habari ya binti aliyekufa, ambaye baba yake alimwendea Bwana. Labda hakuichagua yeye, labda mdomo ulijichagulia. Alifika pale watu wanapomcheka Bwana. Akafika pale Bwana anapomshika mtoto mkono. Hapo sauti ikamkatika. Birikta aliyaona macho yake yamekwama kwenye ukurasa usiokuwa na neno hata moja la habari hiyo.

"Yule binti akaamka," Migini alisema, "akainuka, akachukua taa yake..."

"Taa?"

Ilikuwa sauti ya Gududa, mikono yake imekauka udongo mpaka viwiko.

"Taa imetoka wapi, msomaji? Hapo hakuna taa."

"Hakuna," mwanamke mwingine alidakia. "Rudi nyuma, baba."

"Hapo kuna chakula," Gududa alisema. "Anaamka, Bwana anawaambia wampe chakula. Mimi ndipo ninapopasubiri kila mara, kwa sababu ndipo ninapojua aliyeandika aliona mtoto wa kweli. Mtoto wa ndoto hali kitu. Umepitisha wapi chakula, Migini?"

Migini alikikumbatia kitabu kifuani. Mzee Rogato alikuwa ameanza kuinuka aje atazame ukurasa. Birikta akamtangulia. Alisimama katikati ya vyungu, na goti lake likaangusha kimoja.

"Msimguse. Kitabu alichoshika ni cha Taa. Injili niliitoa mimi. Majalada yalibadilishwa, sikujua. Lakini niliitoa kwa mkono huu, nikaitazama ikiungua, nikadhani nalilia kitu kingine."

Tanuri lilisikika likipumua.

"Hakujua," mzee Rogato alisema. "Aliniuliza, nami nilimruhusu..."

"Mwanangu naye hakujua," Gududa alisema, "hakujua kama atarudi. Hakutoa." Hakupaza sauti.

Walimtenga mpaka Pasaka ya mwaka wa pili. Migini walimwondolea usomaji kwa udanganyifu wake, ingawa mkono wake ndio pekee uliokuwa na mwandiko wa kusomeka. Birikta alikuwa anafika kila Jumapili, anakaa nje ya ukuta wa uwanja, kichwa amekifunika, anasikia sala kama mtu anayesikia harusi ya jirani. Kisimani ndoo yake ilikuwa ya mwisho. Jioni jua likizama shingo ilikuwa bado inainuka yenyewe kwa mazoea, naye alikuwa anairudisha chini kwa aibu. Taa gani? Kama kitabu kilikuwa utungo wa mtu, basi juu hakuna mtu anayemwashia kitu, na Saname yuko udongoni, basi. Siku nyingine hakupika. Migini alikuwa anakula dengu baridi, halalamiki.

Kabla ya mvua mzee Rogato alirudi kutoka Mutila, mji wa upande wa pili wa milima, na gunia la ngano juu ya punda. Ndani ya ngano kulikuwa na Injili ya watu wa Mutila, ya kuazima. Walikusanyika, akaisoma yeye mwenyewe kwa taabu. Birikta aliisikia kutoka nje ya ukuta. Ilikuwa imeandikwa na mtu ambaye Azruna haikuwahi kumjua, imenakiliwa kutoka kitabu ambacho macho yao hayakuwahi kukiona. Gududa aliisikiliza amefumba macho, kama mtu anayehesabu mbuzi wanaporudi zizini. Mahali pamoja maneno yalipishana kidogo na waliyoyazoea, watu wakaguna. Mahali pengine neno moja halikuwepo. Lakini hakuna mbuzi aliyepotea, na hakuna mgeni aliyeingia zizini. Walipofika kwa yule binti, chakula kilikuwepo.

"Ni ile ile," Gududa alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe achukuliwe, watu walimwona analia.

Ikabidi inakiliwe upesi, kabla Mutila hawajaidai. Na ngozi hazikuwepo. Wauza ngozi walikuwa wameonywa. Wakatazamana, na kila mmoja alijua kitabu kilichobaki kinatosha kurasa, hata zitabaki. Mzee Rogato mwenyewe ndiye aliyekuja nyumba ya tatu kutoka langoni, akasimama pale penye kizingiti kilicholika.

"Migini ataandika. Tumemsamehe kwa kazi hiyo. Lakini cha Taa kinatakiwa kikwanguliwe wino kwanza. Wewe ni binti wa mtengeneza ngozi, Mama Saname. Sikulazimishi."

Birikta alimtazama mumewe. "Nisomee," alisema. "Chote. Halafu nipe jiwe la kusugulia."

Migini alimsomea pale mlangoni mchana kutwa. Birikta alifumua jalada jekundu, akalaza kurasa kwenye maziwa yaliyochanganywa na pumba za shayiri, na wino ulipolegea akaanza kusugua. Watoto walitoka chini ya jiwe lake mstari kwa mstari, maziwa yakawa kijivu, kisha meusi. Aliposhika ukurasa wa kwanza juani kuutazama, aliona kwamba haujatoka wote. Kivuli cha herufi kilikuwa bado ndani ya ngozi. Alisugua tena. Kikabaki.

"Acha," Migini alisema. "Nitaandika juu yake."

Akaandika, na kama desturi yake anasema kwa sauti kila anachoandika. Birikta alikaa uani, mikono ndani ya maziwa machafu, akasikia habari ile ikimjia kutoka Mutila, kutoka kwa mtu asiyemjua, ambaye naye alipokea kwa asiyemjua. Mtoto anashikwa mkono. Mtoto anaamka. Waambieni wampe chakula. Alisubiri kitu kimwinue, kama zamani. Hakuna kilichomwinua. Aliendelea kusugua.

Alasiri Gududa alipita. Mtu aliyetengwa hapewi kitu mkononi, na Gududa hakuwa mtu wa kuvunja alichosimamia. Aliweka mkate wa shayiri juu ya kizingiti, pale palipolika, akasimama kidogo akisikiliza sauti ya Migini mpaka ilipopita kwenye chakula, akaondoka bila salamu.

Birikta aliuangalia mkate ule mpaka kivuli cha nyumba kikaufikia. Hakuwa ameosha mikono. Alipoumega, vidole viliacha alama za wino pembeni, kijivu, kama herufi. Akaula hivyo hivyo.